Mteja wa kesi ya ubakaji anapobadilisha maelezo yake

Ndugu wakili, umeuliza kama uendelee na mteja ambaye amekusimulia mara mbili, kwa namna mbili tofauti, jinsi alivyobakwa, tena tarehe zikigongana na maelezo aliyoandikisha polisi. Nimewawakilisha waathiriwa katika mahakama za mahakimu hapa Kenya kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba usimwache.

Aliyepatwa na kiwewe aghalabu hukumbuka vizuri sauti au harufu fulani, ilhali saa na mfuatano wa matukio humponyoka. Kwa hiyo sianzi kwa kuuliza "ilikuwa lini". Humweleza kwanza maandishi yangu yatasomwa na nani, humwambia anaweza kunisimamisha wakati wowote, kisha humwomba aanzie popote anapoweza. Tarehe huzitafuta kwenye kitabu cha OB (cha kuandikia matukio kituoni polisi), fomu ya P3 (ya polisi, ya uchunguzi wa daktari) na ile fomu ya huduma baada ya ubakaji inayojazwa hospitalini, ili asilazimike kurudia yaliyokwisha kuandikwa. Swali la "mbona hukupiga kelele" likibidi, kwa kuwa upande wa mshtakiwa utaliuliza, namweleza kwanza sababu ya kuliuliza. Bila hivyo ataona hata wakili wake hamwamini.

Tofauti zikiwa za msingi, usizinyooshe wewe. Zungumza na mwendesha mashtaka ili mteja aandikishe maelezo ya ziada kwa maneno yake mwenyewe.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinairuhusu mahakama kumtangaza kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, atoe ushahidi akiwa amekingwa asionekane na mshtakiwa, au kupitia msaidizi, au pasipo watu wengine kuhudhuria. Ombi hili lifikishwe mapema, kwani siku ya kusikilizwa utaambiwa hakuna hata pazia. Kifungu cha 34 nacho kinazuia maswali kuhusu maisha yake ya awali ya kimapenzi bila idhini ya mahakama. Usiogope kusimama: Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi, na Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2020 kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi, mradi asigeuke mwendesha mashtaka wa pili.

Kwa maoni yangu, koridoni huumiza kuliko kizimbani, maana mara nyingi mteja huketi benchi moja na jamaa za mshtakiwa tangu asubuhi, halafu kesi huahirishwa. Mwombe karani chumba kingine, na ukipata fununu ya kuahirishwa, mpigie mteja simu kabla hajapanda matatu.