Kabla ya Kuwasha Mashine ya GPU Winguni, Andaa Ufunguo

Mashine pepe (kompyuta ya kukodi mtandaoni) yenye GPU, kadi ya kukokotoa kazi nzito kama kufunza modeli za akili bandia, huanza kukutoza tangu inapowaka, iwe unaitumia au bado unahangaika mlangoni, na ndiyo maana namsihi kila anayeanza aandae kwanza ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Mara yangu ya kwanza niliiwasha kabla sijajiandaa, nikakaa karibu saa nzima nikikataliwa kuingia. Kumbe faili ya ufunguo wa siri ilikuwa inasomeka na kila mtumiaji wa kompyuta yangu, na SSH haikubali ufunguo ulioachwa wazi namna hiyo. Amri ya chmod 600 ikifuatwa na jina la faili, inayomwachia mwenye faili peke yake kuisoma na kuiandika, ilitosha.

Jozi ya funguo hutengenezwa kwa ssh-keygen -t ed25519: wa umma unampa mtoa huduma, wa siri hautoki kwako. Omba mapema pia kibali cha GPU, kwa kuwa mteja mpya mara nyingi huwekewa kikomo cha sifuri, yaani haruhusiwi kuwasha hata moja, na poti 22, mlango unaotumiwa na SSH, uifungulie anwani yako ya IP peke yake.

Ukishaingia, usipakue chochote kabla ya kuandika nvidia-smi, amri inayokagua kadi ya GPU. Jedwali litakalotokea litakuonyesha jina la kadi, toleo la draiva (programu inayoiendesha kadi) na ukubwa wa kumbukumbu. Kadi ya T4, kwa mfano, ina GB 16, na hapo utajua kama modeli yako itaenea. Amri ikishindwa, huenda draiva haipo, nami naona ni nafuu kuifuta mashine na kuchagua mfumo uliokwisha kuwekewa draiva kuliko kuhangaika kuisakinisha.

Lililoniuma zaidi ni kukatika kwa muunganisho. Niliacha modeli ikifunzwa usiku, kompyuta yangu ikajizima skrini na kulala, SSH ikakatika, na mafunzo ya saa nyingi yakafa nayo kwa sababu yalitegemea kikao kile kile. Tangu hapo natumia tmux, programu inayoiacha kazi iendelee kwenye mashine hata SSH ikikatika: naanza na tmux new -s mafunzo, nawasha kazi, nabonyeza Ctrl+b kisha d, ndipo natoka; nikirudi, tmux attach -t mafunzo hunirejesha palepale. Hata hivyo tmux haiokoi kitu mashine yenyewe ikizimwa, kwa hiyo programu yako na ihifadhi nakala za modeli kwenye diski kila baada ya muda.

Ukimaliza, izime mashine kupitia ukurasa wa mtoa huduma na uhakikishe hali yake imebadilika. Diski itaendelea kulipiwa hadi uifute, na ukiiwasha tena huenda ukakuta anwani ya IP ni nyingine.