Gasketi mpya peke yake haitoshi

Mkuu, umeuliza kama gari iliyochemsha unaweza kuifunga gasketi mpya ya hedi tu ukamaliza. Hapana, usifunge gasketi (ile pakingi inayoziba kati ya hedi na bloku) kabla ya kupima hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda. Hedi ya aluminiamu ikichemka hupinda, na gasketi itaungua tena, tena kwenye injini ya turbo (inayosukumiwa hewa) ndiyo haraka zaidi kwa sababu presha ndani ya silinda ni kubwa. Safisha uso wake taratibu, laza rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu na kwa mshazari, kisha jaribu kupitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Injini nyingi ndogo kikomo ni kama 0.05 hadi 0.10 mm, ila fuata kitabu cha injini yako. Ikizidi, ipeleke ikasawazishwe kwenye mashine na ipimwe ufa kwa presha, hasa kati ya valvu.

Bolti za hedi zinazokazwa kwa nyuzi (digrii za kuzungusha) baada ya toki (nguvu ya kukaza iliyopimwa) nunua mpya, maana zile hutanuka.

Na tafadhali, tumia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini)! Hapa Dodoma hedi nyingi zinazoingia gereji kwetu zimeliwa kuzunguka matundu ya maji. Watu wanajaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi. Iliyoliwa hivyo, hata ikinyooka, gasketi haishiki.