Soccer ni neno la Waingereza wenyewe

Wapo wanaosema "soccer", yaani mpira wa miguu, ni uharibifu wa Wamarekani na sio Kiingereza sahihi. Hapana, neno hilo limezaliwa Uingereza. Football Association, chama cha mpira cha England, ilipoundwa London mwaka 1863 mchezo wenye sheria zake ukaja kuitwa association football ili watu wasiuchanganye na rugby, sasa wanafunzi wa Oxford miaka ya mwisho ya karne ya 19 walikuwa na katabia ka kukata neno halafu wanabandika -er mwishoni, rugby ikawa rugger, na kwenye association wakachomoa hizo herufi soc za katikati ikawa soccer, utani wa wasomi tu kama sheng yao.

Wamarekani walilibeba kwa sababu football kwao tayari ni mchezo mwingine, na cha kuchekesha ni kwamba hata shirikisho lao lilianza 1913 likijiita Football Association vilevile, soccer ikaingia kwenye jina 1945. Waingereza nao walikuwa wanalitumia bila shida, jarida la World Soccer ni lao na limeanza 1960, kulikimbia kumekuja baadaye walipoona limekaa kimarekani mno.

Kwa hiyo kusema sio Kiingereza sahihi ni uongo, ila ukiwa na Waingereza leo we sema football tu maana watakununia, Australia na Marekani ukisema soccer haina shida. Hii soka yetu pia imetoka hukohuko.