Kujitolea kwa watoto wanaoishi gerezani: wiki 3 hazitoshi

Dada, umeuliza kama likizo yako ya wiki 3 inatosha kwenda ng'ambo kujitolea na watoto wadogo wanaoishi na mama zao gerezani. Kwa kweli haitoshi. Mtoto wa miaka 2 humzoea mtu upesi, akamng'ang'ania shingoni, na kesho yake mtu huyo hayupo. Wakipita watatu wanne namna hiyo, mtoto anaumia. Tafuta miezi 6, au changia ukiwa nyumbani.

Kabla ya kulipa chochote, liulize shirika kama lina kibali cha gereza na kama linadai cheti chako cha polisi. Wakikuambia "njoo tu", achana nao.

Kanuni za Bangkok kuhusu wafungwa wanawake, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinasema mtoto anayeishi na mama yake gerezani asichukuliwe kamwe kama mfungwa. Basi usimpige picha, wala usimhoji mama kuhusu kosa lake. Ukimfundisha mtoto wimbo au rangi, mama akae hapo hapo, kwa sababu yeye ndiye atakayeendelea naye ukishaondoka. Na lugha yao anza kujifunza sasa.