Mbolea nimeweka, yaliyonenepa ni magugu

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina ekari mbili za alizeti huku Iramba, Singida. Msimu uliopita nilirusha mbolea ya yurea shamba zima wiki ya tatu, nikapalia siku kumi baadaye. Magugu yakaipita alizeti kwa urefu. Sasa jirani ananishauri nipulizie 2,4-D, dawa anayotumia kwenye mahindi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hiyo dawa usiiguse. 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuyaacha mahindi kwa kuwa ni jamii ya nyasi. Alizeti ni ya majani mapana, itakwenda na magugu. Hata jirani akipulizia kwake siku ya upepo, utaona majani ya alizeti yako yamejikunja. Na bomba lake ukiliazima, lioshe kwelikweli. Atrazini, dawa nyingine ya magugu ya kwenye mahindi, nayo haifai.

Kuhusu mbolea, ulichofanya ni kuyapikia magugu. Ukirusha, wanaokula kwanza ni walio wengi shambani, na wiki ya tatu alizeti ndiyo wachache. Palia kwanza, wiki ya pili hadi ya tatu tangu miche iote, huku ukipunguza miche ubaki mmoja kila shimo. Jembe lipite juujuu, mizizi ya pembeni ya alizeti iko karibu na uso wa udongo. Palizi ya pili ifanye kabla alizeti haijapita magoti. Majani yakishafunga mistari, kivuli kitakusaidia.

Wakati wa kupanda, weka DAP, mbolea ya kupandia, shimoni, uifukie kwa udongo kidogo ndipo uweke mbegu. Zikigusana, mbegu huungua. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja ina mashimo kama 18,000, hivyo mfuko wa kilo 50 ni takriban gramu 3 kwa shimo: kizibo cha soda kijae nusu na ushee. Baada ya palizi ya kwanza, udongo ukiwa na unyevu, weka CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kiasi hichohicho, kiganja kimoja kutoka shinani, ufukie. Usizidishe: naitrojeni nyingi huleta majani na mashina marefu yanayoanguka, na mafuta kwenye mbegu hupungua.

Kama una samadi, iwe imeoza kabisa. Ile inayotoka zizini moja kwa moja imejaa mbegu za magugu ambazo ng'ombe wamezila malishoni, na utakuwa umezipanda mwenyewe.