Msambwa si pepo

Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji neno "msambwa" lina maana gani na limetoka wapi. Mimi ni Mbukusu, wa jamii ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya, niishiye Kisumu, na neno hili nililisikia kwanza kwa kukhu, mama mzaa baba, ambaye hakukubali mgeni aonje busaa, pombe yetu ya kienyeji, kabla ya yeye kumwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia.

Katika Lubukusu twasema kumusambwa, na wingi wake ni kimisambwa. Ni roho za wahenga zinazoulinda ukoo na kuudai heshima. Lakini pia ni lile jambo lenyewe ambalo ukoo hulirithi, na ndiyo sababu hata tohara, kwetu na kwa ndugu zetu Wagisu walio upande wa pili wa Mlima Elgon, huhesabiwa kuwa msambwa, kwa kuwa humjia kijana kutoka kwa babu zake, wala hajichagulii.

Neno hili si letu peke yetu. Waganda, yaani watu wa Buganda, wana omusambwa, ila kwao huyo ni mlinzi wa mahali, kama vile chemchemi, mwamba au mti, na huweza kujitokeza kwa umbo la nyoka au chui. Roho ya marehemu, wao huiita omuzimu. Hapo msomaji wa Kiswahili atautambua mzimu wetu, wenye mzizi uliotupa pia kuzimu na wazimu. Tena msambwa na mzimu yamo katika ngeli ya mti, mto na mlima, si katika ngeli ya mtu, jambo ambalo naliona zito, kwani waliotuachia lugha hawakuzihesabu roho hizi kuwa watu wala wanyama. Jirani zangu Waluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, wana neno lao, juok, ambalo siku hizi humaanisha zaidi uchawi, ingawa kwa Washiluki wa Sudan Kusini ndilo jina la Mungu.

Kinachoniuma ni kuona msambwa likifasiriwa "pepo" au "shetani". Mzee Elijah Masinde wa Kimilili alipoongoza Dini ya Msambwa, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948, hakuwa akiwaita watu kwa mashetani. Aliwaita wawarudie wahenga wao, na wale waliomfuata walilielewa neno hilo bila kufasiriwa.