Jibu: Filamu moja kila wiki mwaka mzima, hazikuchanganyi?

Mkuu, umeuliza kama hazinichanganyi. Zinanichanganya sana! Ndiyo maana kila filamu naiandikia usiku uleule kwenye kaunta buku, hata mistari mitatu. Julai hapa Uyole, Mbeya, baridi ilinishinda, nikawa naandikia ndani ya blanketi, mwandiko kama kuku kaparua.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021) niliitazama mara mbili. Kwanza kwa ajili ya hadithi, maana riwaya ya Shafi Adam Shafi niliisoma kidato cha tano. Mara ya pili nikazima sauti, nikafuata rangi na mwanga tu. Kurasa nne!

Zile filamu za kutafsiriwa, za banda umiza (kibanda cha kuonyesha video) pale Mwanjelwa, nilimwandika DJ mwenyewe, yule anayezitafsiri kwa Kiswahili. Mara nyingi alinoga kuliko filamu.